Somo, Naima Alilikataa Sinia

Somo yangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba, halafu papo hapo ungeniuliza mbona nimevaa dera lisilopigwa pasi. Salamu yako haikukamilika mpaka mtu apate kasoro yake. Basi nakwambia mapema: halijapigwa pasi, nguo za wateja zimejaa hadi juu ya kitanda zikingoja cherehani, na bado nimeketi kukuandikia.

Hapa Bamburi tunakoishi sasa, nikikutaja watu hudhani nasema habari za darasani. "Somo gani hilo?" huniuliza. Nami huwaeleza kwamba kwetu watu wawili wenye jina moja huitana somo, na kwamba mimi niliitwa Mishi kwa sababu wewe ulikuwa Mishi, shangazi yake baba. Kwa haki ningekuita bibi. Ulinikatalia. Ulisema mabibi ni wale wa nyumba ya pili, wewe na mimi tu rika moja. Nilikuwa mtoto mdogo, nikaamini, nikawa natembea Magogoni nzima nikijiona mtu mzima.

Nimekukumbuka kwa ajili ya binti yangu Naima, ambaye hukumuwahi. Ana miaka sita. Ungemsikia akisoma Kurani ungetokwa na machozi. Juzuu Amma ameihifadhi karibu yote, maalimu wake hanyamazi kumsifu, na dua za kula, za kulala na za kuingia msalani zote ziko ulimini. Idi iliyopita tulikwenda Magogoni, nyumba kubwa. Shangazi zangu wakatoa sinia la pilau la watoto kama ilivyo ada, wakawaita wakae kitako. Watoto wote wakalizunguka. Naima akabaki amesimama na gauni lake jipya, akasema kwa sauti ile ile safi anayosomea sura zake:

"Mimi nataka sahani yangu. Hawa wana mate."

Somo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi walicheka, wakampa sahani, akala peke yake juu ya kiti, akamaliza na "Alhamdulillahi" ya kupendeza kabisa. Kaka yangu Swaleh naye alicheka, halafu akanitazama, nikajua anafikiri ninayoyafikiri. Njia nzima ya kurudi nyumbani moyo uliniuma. Niliogopa kwamba ninalea mtoto ambaye dini imemjaa mdomoni na mkono haujapata habari.

Kwako, Somo, mambo yalianzia mkononi.

Ulikuwa dobi katika hoteli ya ufuoni, wiki nzima ukikunja mashuka ya wageni, na Ijumaa ilikuwa siku yako ya mapumziko. Mtu mwingine angelala. Wewe uliamka ukakuna nazi. Wanaume wakitoka msikitini, sisi watoto wa kichochoro tulikuwa tumeshajazana kwenye baraza lako, na wewe huweki sinia mpaka umalize upelelezi wako. Nani kagombana na nani wiki hii? Hukutuuliza sisi, maana tungesema uongo. Ulikuwa umeshapata habari zote kisimani na dukani. Waliogombana uliwaketisha ubavu kwa ubavu, na mmoja akamnawisha mwenzake kwa birika, polepole, vidole vyote. Nakumbuka nilivyomnawisha yule msichana aliyenichania daftari. Nilimmwagia maji nikiwa nimenuna, ukaniambia, "Sugua na kucha, hujamaliza." Tulipofika kwenye kucha tulikuwa tunacheka wote wawili, sijui kwa nini.

Kisha sinia. Kila mmoja na upande wake. "Kula kilicho mbele yako," ulisema, na hukurudia. Mkono uliovuka kwenda upande wa mwenzio ulikutana na kijiko chako cha mti, si kwa kuumiza, kwa kukumbusha. Nyama zilikaa katikati kama mlima mdogo, na hakuna wa kuzigusa mpaka mgawaji azigawe, na mgawaji huchukua mwisho, chochote kitakachosalia. Ijumaa moja Swaleh hakuvumilia. Alinyakua pande la nyama, akalitia mdomoni zima zima, akawa hawezi kulitafuna wala kulitema. Tulingoja umtandike. Ulimtazama tu mpaka alipolimeza, ukasema, "Ijumaa ijayo mgawaji ni wewe." Na Ijumaa ile ijayo, Somo, Swaleh aligawa nyama kwa uangalifu wa mtu anayepima dhahabu, na kilichomsalia kilikuwa mfupa. Akaunyonya mfupa wake. Sasa ana watoto wanne, na mpaka leo nyumbani kwake yeye ndiye hugawa, na yeye ndiye hula mfupa. Mkewe anadhani anapenda mifupa.

Hukututajia aya. Ulisema hizo ni kazi za Maalimu wa madrasa yetu, na wewe hukusoma sana. Maalimu mwenyewe akipita alisimama penye baraza akakuuliza, "Mishi, leo wasomesha nini?" Nawe ukamjibu, "Leo nyama, Maalimu." Akacheka mpaka kofia ikaenda upande, na kabla hajaondoka alikuwa ameshaketi, amepewa kipande chake cha sinia, naye anakula kilicho mbele yake kama sisi.

Wajua kisa ninachowasimulia watu zaidi? Cha sadaka. Mama Ndunge na mumewe walikuwa wamehamia karibuni kutoka Ukambani, mume akifanya kazi bandarini, na watoto wao wawili, Ndunge na Mutinda, walikuwa wakituchungulia kupitia uzio. Ukaniita. "Mishi!" "Abee, Somo." "Nenda kwa jirani mgeni umwambie kesho baada ya sala kuna sadaka hapa, awatume watoto." Nikaenda mbio, nikasema kama ulivyonituma, neno kwa neno. Mama Ndunge akashukuru sana, hata nikashangaa anavyoshukuru.

Kesho yake watoto wale walikuja wamevaa nguo za Jumapili. Ndunge ana soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini, Mutinda amefungwa vifungo vyote mpaka cha shingo. Na kila mmoja amefumba ngumi. Wakasimama mbele yako wima. Ndunge akauliza kwa heshima, "Kikapu kiko wapi?"

"Kikapu cha nini, mwanangu?"

"Cha sadaka."

Akafumbua ngumi, na ndani yake mlikuwa na sarafu imelowa jasho.

Sisi wengine tulikuwa hatujaelewa. Kwetu sadaka ni chakula unachowaita watu waje wale. Kwao ni pesa unayopeleka kanisani. Mama yao alidhani wamealikwa ibadani, akawapa watoto wake cha kutoa wasije wakaaibika. Niliona midomo yako ikitaka kukusaliti. Lakini hukucheka, Somo. Uliinama, ukazipokea zile sarafu kwa mikono miwili, ukasema, "Mungu awapokelee." Ukanituma dukani nikanunue ndimu, ukazikata, ukazipanga kwenye ukingo wa sinia lote, mbele ya kila mtoto kipande. "Hii ni sadaka ya Ndunge na Mutinda," ulitutangazia. "Semeni ahsante." Tukasema. Mutinda alifungua kile kifungo cha shingo, akaketi.

Kisha tukasema bismillahi yetu, tukanyoosha mikono, kumbe wenzetu wamefumba macho, wameshikana, wanaomba ombi refu la kwao. Mikono yetu ikabaki hewani. Swaleh akawakodolea. Ukamfinya. "Wenzio waongea na Mola wao, nawe wawatolea mato! Ngoja." Tukangoja. Harufu ya pilau inapanda puani na sisi tunangoja ombi la watu wengine liishe. Ndipo nilipojua kuwa kungoja nako kumo katika dini, na sikuambiwa na mtu.

Jioni ulikwenda kwa Mama Ndunge kumweleza. Tuliwasikia mkicheka wawili nyinyi, leso zinaanguka, mpaka mumewe akatoka nje kuuliza kuna nini. Tangu hapo hakupita mwezi bila bakuli lake la muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa, kuja barazani. Jirani mmoja wa kwetu alikulaumu kwamba unawachanganya watoto. Ulimjibu hujachanganya kitu isipokuwa wali na nazi. Na siku ulipotutoka, Mama Ndunge alikuwa jikoni kwetu tangu alfajiri, kajifunga leso kiunoni, anasonga sufuria huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyemwita jirani mgeni tena.

Sasa nirudi kwa Naima.

Nilipomwambia baba yake hofu yangu, alinituliza kwa namna yake. "Mtoto anajua usafi, Mishi. Si vibaya." Na kusema kweli ana hoja. Naima alizaliwa miaka ile ya barakoa. Maneno ya kwanza aliyoyasikia duniani yalikuwa usiguse, kaa mbali, nawa. Wageni waliokuja kumwona walimpungia mkono kutoka mlangoni. Sisi wenyewe tulimfundisha kuiogopa mikono ya watu, tukasahau kumfundisha kwamba hatari imepita. Hakuna wa kumlaumu, si yeye wala maalimu wake. Lakini mtu anaweza kukosa lawama na bado akakosa kitu.

Basi nikapiga moyo konde. Nilinunua sinia, nikaanza kugonga milango ya jengo letu. Tunakaa orofa ya tatu, na kabla ya hapo majirani wengi nilikuwa nawajua kwa viatu vyao tu. Niliwaambia kwamba kila Ijumaa baada ya sala, chini kule karibu na tangi la maji, kuna chakula cha watoto, waje wote. Safari hii nililikwepa neno sadaka. Haikunisaidia. Mama mmoja wa orofa ya pili, mtu wa bara, alinitazama kutoka juu hadi chini akaniuliza, "Sasa wewe unawania kiti gani?" Nikamwapia wallahi sigombei kitu. Akauliza kama basi ni mume wangu. Nikamwambia mume wangu hata uenyekiti wa kamati ya maji aliukimbia. Ndipo alipocheka, akakubali, ila watoto wake mapacha waje na sahani na vijiko vyao. Nikamwambia waje na hata meza wakipenda.

Hapo najua unatikisa kichwa. Vijiko! Vumilia, Somo, zama hizi ni za kubembeleza. Nimeweka na sabuni ya maji pia, na ninasimama nayo kama askari.

Ijumaa ya kwanza walikuja watoto wachache. Mapacha na sahani zao. Kadzo, binti wa mlinzi wetu wa getini, msichana wa umri wa Naima. Familia yao imetoka Kaloleni. Baba yake hukesha getini na mchana hulala, mama yake hufua nguo za watu huku na huku na hurudi jua limeshuka. Na Naima. Nilimketisha. Hakulia wala hakubisha. Aliibana mikono yake katikati ya magoti, akatazama wali mpaka wenzake wakamaliza. Sikumlazimisha. Nilipanda juu nikampa ndizi, nikaingia chumbani nikaketi juu ya nguo za wateja, nikajiuliza kama ninajidanganya, kama mambo yako yalifaa kwa baraza lako na watu wako na yameishia hapo.

Lakini watoto wana njaa, na pilau ni pilau. Mapacha ndio waliovunja mwiko wa kwanza. Waliona wenzao wanakula kwa mkono wanafurahi, vijiko vikasahaulika chini, na sahani baadaye ziliachwa nyumbani zenyewe. Naima alianza kwa kuchovya kidole. Siku nyingine akala tonge mbili za ukingoni, mbali na kila mtu. Kisha akawa anakula, ila kwa malalamiko. Hasa juu ya Kadzo. "Mama, Kadzo anakula mbio. Anamaliza upande wake halafu anautazama wangu." Nikamwambia ale kilicho mbele yake. "Nakula. Lakini ananitazama." Nilijua kwa nini Kadzo anakula mbio. Sikujua namna ya kumweleza mtoto bila kumvunjia mwenzake heshima, kwa hiyo sikueleza.

Jana ilikuwa zamu ya mmoja wa mapacha kugawa nyama. Aligawa vizuri, kila mtu na pande lake. Mimi nilikuwa nimesimama na birika langu. Kadzo alikuwa ameshamaliza, nyama na wali, upande wake unang'aa. Alikuwa anaitazama mikono yake tu, nadhani Naima alikuwa amemwambia aache kumtazama. Mara nikaona mkono wa Naima unavuka. Unakwenda moja kwa moja upande wa Kadzo. Nilifungua mdomo kumkanya, kijiko cha mti nilikuwa sina, lakini sauti nilikuwa nayo.

Mkono ule ulikuwa umeshika nyama yake. Nusu, ameichana kwa vidole. Akaiweka pale penye uwazi wa Kadzo, akasukuma na wali kidogo ukafuata, akaurudisha mkono wake, akaendelea kula. Hakunitazama. Hakutazama kama kuna anayemwona. Kadzo akala. Na vidole vile vilivyogusa upande wa Kadzo, Somo, Naima akavitia mdomoni mwake akavilamba, kimoja kimoja.

Nilijifanya nakwenda kujaza birika. Nyuma ya tangi nililia kama mtoto kwa furaha, hata nikashindwa kusema alhamdulillahi yote. Hakuna aliyemfundisha jambo lile. Mimi nilimfundisha kula upande wake. Kuvuka kwa ajili ya kutoa kakujua mwenyewe, pale pale, tumbo lake likiwa bado halijajaa. Nilitamani uwe umesimama pale na kijiko chako, nikuone ukikosa pa kukishushia.

Nilidhani mambo yameishia hapo, na kwamba barua hii ingekuwa ya kukupa habari njema tu. Leo asubuhi tukawa tunakunywa chai, mimi na baba yake na yeye, mahamri na mbaazi kama Jumamosi zote. Naima akalimega hamri lake, akalisimamisha njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Mama, na leo Kadzo anakula wapi?"

Baba yake akakiweka kikombe chini. Mimi nikageuka kutazama mbaazi. Miaka yote ile ulitulisha Ijumaa, Somo, sisi kundi zima la kichochoro, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuuliza habari za Jumamosi. Nilitafuta jibu la mtu mzima. Yapo mengi, na yote yangemfundisha kuacha kuuliza. Nikamwambia, "Shuka ukamwite." Akashuka mbio bila viatu, na baba yake, yule wa usafi si vibaya, akainuka mwenyewe kuongeza maji kwenye sufuria ya chai.

Lala salama, Somo. Mola akupe nafasi pana kuliko baraza lako. Niombee nipate nguvu na unga, maana kesho ni Jumapili, na mtoto huyu ameshaanza kuuliza.

Mimi, somo yako,
Mishi